Sindano ya Ndani ya Jicho: Ganzi, Iodini na Kinga dhidi ya Vijidudu

Utangulizi

Mtu anapoelezwa kwamba dawa itatiwa ndani ya jicho lake kwa sindano, ni lazima ashtuke. Jicho ni kiungo ambacho hata chembe ya vumbi hulifanya litoe machozi, sembuse ncha ya chuma. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za ulimwengu tiba hii imekuwa kazi ya kila siku, na sindano za namna hiyo hutolewa mara mamilioni kila mwaka. Kwa sababu yake, watu wengi ambao zamani wangepofuka kwa ugonjwa wa kisukari au kwa kuchakaa kwa retina uzeeni wameendelea kusoma, kushona, kulima na kuwatambua jamaa zao.

Mgonjwa anayeketi kwenye kiti cha daktari kwa kawaida huwa na maswali mawili. La kwanza ni: je, sindano itauma? La pili ni: je, vijidudu havitaingia ndani ya jicho? Kwa juujuu yaonekana kana kwamba maswali haya hayahusiani, kwani moja ni la maumivu na jingine ni la usafi. Lakini katika tiba hii mambo hayo mawili yamefungamana. Namna ya kutia ganzi yaweza kusaidia au kuharibu kazi ya dawa ya kuua vijidudu, na kosa dogo la mpangilio laweza kumgharimu mtu jicho lake. Makala haya yanaeleza uhusiano huo, chanzo chake, na yale ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyafahamu.

Umbo la jicho na mahali pa kuchoma

Jicho la mtu mzima lina umbo la tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi. Mbele yake kuna konea, yaani kioo cheusi kinachong'aa ambacho kwa kweli hakina rangi. Weusi au uhudhurungi unaoonekana ni wa sehemu iliyo nyuma yake. Kuizunguka konea kuna sklera, yaani weupe wa jicho, ambao ni ukuta mgumu. Juu ya weupe huo umetandazwa utando mwembamba, laini na wenye unyevu, uitwao konjunktiva. Nyuma ya mboni imekaa lenzi, na sehemu kubwa ya ndani, kiasi cha mililita 4, imejaa ute mzito unaopitisha nuru. Nyuma kabisa iko retina, ambayo hupokea nuru na kuigeuza kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo.

Daktari hachomi popote apendapo. Akichoma karibu mno na konea ataigusa lenzi, nayo itapata mtoto wa jicho; akichoma nyuma mno ataitoboa retina. Katikati ya hatari hizo mbili kuna ukanda mwembamba ulio salama. Ukanda huo hupatikana kwa kupima milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea: 4 kwa mtu mwenye lenzi yake ya asili, na 3.5 kwa yule ambaye lenzi yake ilikwisha kuondolewa. Sindano itumikayo ni nyembamba sana, unene wake ukiwa karibu milimita 0.3, na dawa inayotiwa kwa kawaida ni mililita 0.05 tu, yaani tone moja hivi.

Dawa zenyewe na matumizi yake

Wazo la kupitisha kitu kwa sindano ndani ya jicho si geni. Mnamo mwaka 1911 daktari Ohm wa Ujerumani aliandika juu ya kutia hewa ndani ya jicho ili kuirudisha retina iliyobanduka. Katika miaka ya 1940 watafiti walijaribu kutia penisilini ili kupambana na usaha wa ndani ya jicho. Lakini tiba hii ilienea hasa baada ya mwaka 2004, zilipopatikana dawa zinazoizuia protini fulani ya mwili inayochochea mishipa mipya ya damu kuchipua. Katika maradhi ya retina mishipa hiyo huwa dhaifu. Huvuja maji na damu, na kuharibu uwezo wa kuona.

Mojawapo ya dawa hizo ni bevasizumabu, ambayo mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya kutibu saratani ya utumbo. Mwaka 2005 madaktari wa macho huko Miami, Marekani, walianza kuitumia kwa kiasi kidogo sana ndani ya jicho, na ilionekana kufaa. Kwa kuwa ni ya bei nafuu kuliko nyingine za jamii yake, Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya dawa muhimu. Dawa hizi hata hivyo hazitolewi mara moja tu. Nguvu yake hupungua baada ya wiki kadhaa, na wagonjwa wengi huhitaji sindano kila mwezi mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi, pengine kwa miaka mingi. Ni kule kurudiwa mara kwa mara ndiko kunakoyapa uzito masuala ya maumivu na ya usafi.

Asili ya ganzi ya jicho

Hadi mwaka 1884 upasuaji wa jicho ulikuwa mateso. Mgonjwa alishikwa kwa nguvu na watu, kwani nusukaputi ya siku zile ilimfanya atapike na kukukuruka wakati ambapo jicho lilipasa kutulia. Mwaka huo kijana mmoja tabibu huko Vienna, Karl Koller, alitambua kwamba kokeini, ambayo hutokana na majani ya mkoka wa Amerika ya Kusini, huufanya ulimi ufe ganzi. Alijaribu kuidondosha kwenye macho ya wanyama, kisha kwenye jicho lake mwenyewe, akaligusa kwa kichwa cha pini asihisi kitu. Matokeo yake yalisomwa mbele ya mkutano wa madaktari wa macho huko Heidelberg mnamo tarehe 15 Septemba 1884. Koller mwenyewe hakuwa na nauli ya safari hiyo, na taarifa yake ilisomwa na mwenzake.

Kokeini ilikuwa na madhara. Iliikausha konea, na watu waliizoea wakawa watumwa wake. Kwa hiyo wanakemia walitafuta dawa nyingine zenye umbo linalofanana nayo. Mwaka 1943 nchini Sweden ilipatikana lidokaini, ambayo wengine huiita lignokaini, na ambayo leo hutumika karibu kila hospitali, tangu kung'oa meno hadi kushona majeraha.

Dawa hizi zote hufanya kazi kwa namna moja. Mshipa wa fahamu hupeleka ujumbe kwa kuruhusu chembe za sodiamu ziingie kupitia vijilango vidogo katika utando wake. Dawa ya ganzi huviziba vijilango hivyo. Maumivu yanaanza kule kwenye kidonda, lakini habari zake hazifiki kwenye ubongo. Dawa inapokwisha kuondolewa na damu, vijilango hufunguka na hisia hurejea.

Njia nne za kutia ganzi

Kwa sindano ya ndani ya jicho, njia zitumikazo zaidi ni nne.

Ya kwanza ni matone. Daktari au muuguzi hudondosha dawa kama tetrakaini au proksimetakaini mara kadhaa. Ganzi huingia kwa muda usiozidi dakika moja na hudumu kwa robo saa hivi. Matone huifanya konea na konjunktiva zisihisi, lakini hayazami sana ndani ya ukuta wa jicho. Kwa sababu hiyo mgonjwa huhisi msukumo au mchomo mfupi sindano inapopita.

Ya pili ni pamba iliyolowekwa lidokaini, kwa kawaida ya asilimia 4. Pamba hiyo hubanwa kwa dakika chache mahali patakapochomwa. Dawa huzama zaidi kuliko matone, kwa kuwa inakaa mahali pamoja badala ya kuoshwa na machozi.

Ya tatu ni jeli ya lidokaini. Jeli ni nzito, hushikamana na jicho, na haimwagiki upesi. Wagonjwa wengi huipenda kwa kuwa haina sindano ya ziada na hufanya ganzi ya kutosha. Ubaya wake utaelezwa hapa chini.

Ya nne ni kuchoma lidokaini chini ya konjunktiva kwa sindano nyembamba kabla ya sindano yenyewe ya tiba. Njia hii hutoa ganzi kamili kupita zote, lakini ule mchomo wa kutia ganzi nao huuma, utando huvimba, na mara nyingi hubaki doa jekundu la damu juu ya weupe wa jicho kwa siku kadhaa. Doa hilo halina madhara, ingawa humtia hofu mwenye jicho na jamaa zake.

Wagonjwa walipoulizwa katika tafiti mbalimbali wapime maumivu yao, wengi walisema ni madogo, njia yoyote iliyotumika. Hii ndiyo sababu madaktari wengi hutumia matone peke yake kwa watu walio wengi, na kuziweka njia nyingine kwa ajili ya wale wanaoogopa sana au ambao macho yao yanahisi kupita kiasi. Ganzi hailengi starehe tu. Mtu anayeumia hufumba jicho kwa nguvu au hurudisha kichwa nyuma, na sindano iliyo ndani ya jicho linalosogea yaweza kuichana lenzi au retina.

Vijidudu hutoka wapi?

Jicho lenye afya si tupu. Kwenye kope, kwenye nywele za kope na juu ya konjunktiva huishi bakteria wa kawaida wa ngozi, hasa wale wa jamii ya stafilokokasi. Wakiwa hapo nje hawana madhara, kwa kuwa machozi huwaosha na askari wa mwili huwadhibiti. Ndani ya ute wa jicho hali ni tofauti kabisa. Ute huo hauna mishipa ya damu, una joto la mwili, na umejaa maji na protini. Kwa bakteria, ni kama shamba lenye rutuba lisilo na mlinzi. Bakteria wachache wakipenyezwa na ncha ya sindano wanaweza kuongezeka kwa muda wa siku chache na kulijaza jicho usaha. Ugonjwa huo wataalamu huuita endofthalmaitisi.

Kwa bahati njema ugonjwa huu ni wa nadra. Uchunguzi wa Colin McCannel, uliochapishwa mwaka 2011, ulikusanya taarifa za Marekani za miaka ya 2005 hadi 2009. Katika sindano 105,536 walipatikana wagonjwa 52, yaani mmoja kati ya sindano 2,030 hivi. Lakini unadra huo unahitaji kuangaliwa kwa hesabu ya pili. Mtu akichomwa mara moja, hatari yake ni 1 kati ya 2,000. Akichomwa kila mwezi kwa miaka 2, yaani mara 24, hatari aliyojikusanyia inafikia 1 kati ya 84 hivi. Zaidi ya hayo, si hasara inayolinganishwa na homa ya kupita: baadhi ya wanaougua hupoteza uwezo wa kuona katika jicho hilo hata wakitibiwa mapema.

Iodini, mlinzi wa mlango

Silaha kuu dhidi ya vijidudu hivyo ni povidoni-iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo kila aliyeshonwa kidonda anaifahamu. Iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois alipokuwa akifanya kazi na majivu ya mwani wa baharini. Ikiwa peke yake iodini huunguza ngozi. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa Marekani waliifungamanisha na povidoni, ambayo huiachilia kidogo kidogo. Hivyo ikawezekana kuitumia hata juu ya jicho. Iodini inapoachiliwa hupenya katika seli ya kijidudu na kuziharibu protini zake. Kwa kuwa inashambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ni vigumu kwa bakteria kujizoeza nayo kama wanavyojizoeza na viuavijasumu.

Ushahidi wa manufaa yake ni wa kuaminika. Mwaka 1991 Mark Speaker na Jerry Menikoff wa New York walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi mawili ya vyumba vya upasuaji wa macho. Katika kundi moja macho yalitiwa povidoni-iodini ya asilimia 5. Katika jingine ilitumika dawa ya zamani yenye fedha. Uambukizo uliothibitishwa katika maabara ulikuwa asilimia 0.06 kwa kundi la iodini na asilimia 0.24 kwa kundi la pili, yaani mara 4 zaidi.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kikuyu, nchini Kenya, chini ya Sherwin Isenberg na wenzake, juu ya watoto wachanga 3,117. Watoto walitiwa machoni mara tu baada ya kuzaliwa ama povidoni-iodini ya asilimia 2.5, ama nitrati ya fedha, ama dawa ya erithromaisini. Waliopata uambukizo wa macho walikuwa wachache zaidi katika kundi la iodini: asilimia 13 hivi, dhidi ya asilimia 15 na zaidi ya 17 katika makundi mengine. Utafiti huo ulionyesha kwamba dawa hiyo ya bei rahisi yaweza kutumika kwa usalama hata katika jicho la mtoto wa siku moja.

Kwa sindano ya jicho, kawaida ni kusafisha kope kwa iodini ya asilimia 5 hadi 10, kisha kudondosha ya asilimia 5 juu ya konjunktiva, na kuiacha ifanye kazi kwa muda usiopungua nusu dakika kabla ya kuchoma. Muda huo haufai kupunguzwa. Iodini haiui kwa kugusa tu kama moto. Inahitaji nafasi ya kupenya.

Ganzi na iodini zinapokutana

Hapa ndipo maswali mawili ya mwanzo yanapoungana. Iodini huua kile inachokigusa. Kitu chochote kinachokaa kati yake na bakteria huwa ni ngao ya bakteria. Matone ya ganzi ni maji matupu, hivyo huchanganyika na machozi na hayaizuii iodini. Jeli, kwa upande mwingine, hutandaa kama uji mzito juu ya konjunktiva. Iodini ikidondoshwa juu yake huteleza, na bakteria waliofunikwa chini husalimika.

Jambo hili limepimwa katika maabara. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, bakteria walipopakwa jeli ya lidokaini kwanza na iodini baadaye, waliendelea kuishi. Ilipotangulia iodini na kufuatiwa na jeli, walikufa. Dawa zilikuwa zilezile na kiasi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, mbona wagonjwa waliotiwa jeli hawakuonekana wazi kuugua zaidi ya wenzao? Ni kweli kwamba taarifa za kliniki hazijaonyesha kwa uthabiti kuwa njia moja ya ganzi ina maambukizo mengi kuliko nyingine. Kuna sababu mbili. Kwanza, waganga wengi watumiao jeli huifuta vizuri na kutia iodini kabla na baada yake. Pili, ugonjwa wenyewe ni wa nadra mno kiasi cha kutatiza hesabu. Ili kutofautisha kwa uhakika hatari ya 1 kati ya 2,000 na ile ya 1 kati ya 3,000, ingehitajika kuchunguza sindano zaidi ya 200,000 katika kila kundi. Panapokosekana hesabu kubwa namna hiyo, busara ni kufuata kile ambacho maabara na fikra sahihi vinakielekeza.

Ndivyo lilivyofanya jopo la wataalamu wa retina lililochapisha miongozo yake mwaka 2014. Walikubaliana kwamba iodini iwe ndiyo dawa ya mwisho kugusa mahali pa kuchoma kabla ya sindano. Kama jeli itatumika, iodini itiwe kabla ya jeli na itiwe tena baada yake. Kanuni hiyo inahusu pia matone: muuguzi akiongeza tone la ganzi baada ya iodini, mahali pale hapana budi patiwe iodini tena.

Kuna upande wa pili wa mkutano huo. Iodini huwasha. Wagonjwa wengi husimulia kwamba kilichowasumbua siku ile si sindano bali ni mwasho wa iodini jioni, kwa sababu huikwaruza konea mara ganzi inapokwisha. Dawa ya mwasho huo si kuiacha iodini, bali ni kutia ganzi ya kutosha kabla yake na kuliosha jicho vizuri kwa maji ya chumvi safi baada ya sindano. Wako pia wanaosema kwamba wana mzio wa iodini kwa kuwa samaki wa magamba kama kamba na kaa huwadhuru. Mambo haya mawili hayana uhusiano, kwa kuwa mzio wa kamba hutokana na protini za nyama yake. Kwa yule ambaye kweli hawezi kuivumilia iodini, ipo klorheksidini ya maji, isiyo na spiriti, yenye nguvu ndogo inayofaa macho.

Pumzi, kope na vichupa

Iodini peke yake haitoshi. Uchunguzi ule wa mwaka 2011 ulionyesha jambo la kushangaza: bakteria wa kinywani, wa jamii ya streptokokasi, walipatikana mara nyingi zaidi katika macho yaliyougua baada ya sindano kuliko katika yale yaliyougua baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Chumba cha upasuaji hutawaliwa na barakoa. Chumba cha sindano mara nyingi hutawaliwa na mazungumzo. Jaribio jingine la mwaka huohuo lilithibitisha: watu waliozungumza bila barakoa juu ya vyano vya kuoteshea bakteria walivitia vijidudu vingi kuliko walionyamaza au waliovaa barakoa. Ndiyo maana daktari hunyamaza na humwomba mgonjwa naye anyamaze. Mgonjwa asidhani kuwa amedharauliwa.

Nywele za kope nazo ni maskani ya bakteria. Kifaa cha kuyatenga makope huwekwa ili ncha ya sindano isiziguse. Zikiguswa, sindano hutupwa na hutwaliwa nyingine.

Hatari nyingine imo katika dawa yenyewe. Kichupa kimoja cha bevasizumabu cha mililita 4 kina miligramu 100, ilhali jicho moja huhitaji miligramu 1.25. Kwa sababu ya bei, kichupa hugawanywa katika mabomba mengi ya sindano. Kazi hiyo ikifanywa pasipo usafi wa hali ya juu, kosa moja huwafikia watu wengi. Katika eneo la Miami mwaka 2011 wagonjwa 12 waliambukizwa kwa mabomba yaliyotayarishwa pamoja. Katika jimbo la Punjab, Pakistan, mnamo Septemba 2023, makumi ya watu walidhurika macho baada ya kuchomwa dawa ya jina hilo iliyokuwa imegawanywa isivyo halali. Vilevile kichupa cha matone ya ganzi kinachotumiwa kwa watu wengi hakifai kugusa kope wala nywele zake, kwani uchafu wa mmoja utahamia kwa wote.

Ama kuhusu viuavijasumu vya matone ambavyo zamani wagonjwa wengi walipewa wavitumie nyumbani baada ya kila sindano, miongozo ya 2014 haikuona ushahidi kwamba vinazuia ugonjwa. Kinyume chake, vikirudiwa kila mwezi huwazoesha bakteria wa jicho wasidhurike navyo, na siku uambukizo unapotokea dawa hukosa nguvu.

Dalili za hatari

Baada ya sindano ni kawaida kuhisi mchanga machoni, kuona vidoa vinavyoelea, au kuwa na wekundu kidogo. Hali hizo hupungua kila siku. Uambukizo huenda kinyume: kwa kawaida huanza siku ya pili hadi ya saba, na huzidi badala ya kupungua. Jicho huuma, huwa jekundu, huchukia mwanga, na uwezo wa kuona hushuka. Mwenye dalili hizo hana budi arudi hospitali siku hiyohiyo, wala asingojee tarehe yake ya kliniki. Tiba ni kutoa ute kidogo kwa uchunguzi na kutia viuavijasumu moja kwa moja ndani ya jicho, kwa kawaida vankomaisini na seftazidimi. Matone ya dukani hayafiki ndani kwa kiasi cha kutosha, na kila saa inayopotea ni faida ya bakteria.

Muhtasari

Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako kisukari kinazidi kuenea, wanaohitaji sindano hii wataongezeka. Vifaa vinavyolinda jicho si vya gharama kubwa: matone ya ganzi, iodini, barakoa na kifaa cha kutenga kope. Kinachotakiwa zaidi ni mpangilio unaofuatwa bila kurukwa:

1. Ganzi itangulie, na ipewe muda wa kuingia.
2. Kope na nywele zake zisafishwe kwa iodini bila kuzikamua.
3. Kama jeli imetumika, ifutwe, na iodini itiwe upya.
4. Iodini iwe ya mwisho kugusa mahali pa kuchoma, na iachwe walau nusu dakika.
5. Watu wote chumbani wavae barakoa au wanyamaze.
6. Ncha ya sindano isiguse kitu chochote isipokuwa jicho.
7. Jicho lioshwe, na mgonjwa aelezwe dalili za hatari kabla hajaondoka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ute wa ndani ya jicho huambukizwa kwa urahisi kuliko konjunktiva?
2. Eleza tofauti kati ya matone na jeli katika uhusiano wao na iodini.
3. Ikiwa hatari ya sindano moja ni 1 kati ya 3,000, kadiria hatari ya mtu atakayechomwa mara 12.
4. Mgonjwa anakataa iodini kwa sababu kamba humletea mzio. Angeelezwa nini?